Saa Mbili za Dafodili: Kuchagua Aina za Kupanda Penye Joto

Msimu wa kwanza nilipopanda dafodili, yale maua yenye kikombe katikati ya petali, nilivuna majani. Matunguu ishirini na manne yalichipua kwa pamoja, majani yake yakasimama wima kama mikuki, yakadumu wiki nyingi, kisha yakalala chini na kukauka bila hata shina moja kubeba ua. Msimu uliofuata yalichipua nusu yake. Msimu wa tatu hayakuchipua kabisa, na nilipofukua nilikuta maganda ya kahawia yaliyojaa kitu laini chenye harufu ya uozo. Pakiti niliyoyanunua nayo ilikuwa na picha ya ua la njano lililochomoza katikati ya theluji, na kwa kweli picha ile ilikuwa imenieleza karibu kila nilichohitaji kujua. Mimi ndiye niliyeitazama rangi ya ua nikasahau kuitazama theluji.

Tangu hapo nimepanda aina nyingi katika bustani ambayo haipati baridi ya maana, nyingi zimenifia, na nimebaki na chache zinazorudi kila mwaka bila kubembelezwa. Nimejifunza kwamba swali la kwanza la kuuliza kuhusu dafodili si la rangi wala la umbo, bali ni la saa: je, tunguu lake linaongozwa na saa inayohesabu baridi, au na saa inayohesabu joto? Anayejibu swali hilo kwanza anaweza baadaye kuchagua rangi aipendayo kwa utulivu, na asiyelijibu atapanda majani kama nilivyofanya mimi.

Ninatumia neno tunguu kwa kile kiungo kinene cha chini ya ardhi ambamo mmea huu huhifadhi chakula chake. Kitunguu tunachokijua jikoni kinaonekana kuwa mtoto wa neno hilohilo, na ufanano hauishii kwenye jina, kwa maana tunguu la dafodili lina maganda na tabaka kama kitunguu, na mtu mwenye haraka anaweza kulichanganya nacho. Asithubutu. Dafodili nzima ina sumu, hasa tunguu lake, ambalo lina alkaloidi iitwayo likorini inayosababisha kutapika vibaya. Matunguu yanayosubiri kupandwa yawekwe mbali na jikoni na mbali na watoto, yakiwa yameandikwa jina. Sumu hiyohiyo ina upande wake mwema, kwa kuwa wanyama wanaochimba na kutafuna bustani huyaacha matunguu haya salama.

Dafodili zote ni za jenasi ya Narcissus, na kitovu chake cha asili ni Hispania na Ureno, pamoja na Moroko ng'ambo ya bahari. Maeneo hayo yana majira ya baridi yenye mvua na majira ya joto makavu, na jambo hili linapaswa kumfariji mtu wa nchi ya joto, kwa sababu maana yake ni kwamba mmea huu haukuzaliwa ukiogopa jua kali. Unapolala chini ya ardhi wakati wa kiangazi huvumilia udongo mkavu na wa moto bila shida. Kinachoutatiza katika bustani zetu ni mambo mengine mawili: kukosa baridi katika wakati ambao mwili wake unaisubiri, na kupata maji katika wakati ambao unataka kubaki mkavu.

Katika dafodili nyingi, ua la mwaka ujao huanza kuumbika ndani ya tunguu mapema, wakati ambao majani ya mwaka huu yanakaribia kufa au yamekufa hivi karibuni. Ua hilo dogo hukamilika umbo, kisha hukwama. Ili shina lake lirefuke na kulisukuma hadi juu, tunguu linahitaji kukaa wiki 12 hadi 16 katika baridi ya takriban nyuzi 5 hadi 9 za Selsiasi. Baridi hiyo ikipungua, ua hutoka kwenye shina fupi lililojificha katikati ya majani, au hukauka lingali ndani ya ala yake, au halionekani kabisa. Bila shaka yale matunguu yangu ishirini na manne yalikuwa na maua ndani yake siku niliyoyapanda, na maua hayo yalifia humohumo yakingoja amri ambayo haikuja.

Dafodili za kundi la tazeta hufuata utaratibu mwingine kabisa. Ua lao haliumbiki hadi majani yamekwisha kukauka na tunguu limelala, na linaumbika vizuri zaidi katika joto la nyuzi 25 hadi 30. Kwa hiyo joto la kiangazi, ambalo kwa jamii nyingine ni mateso ya kuvumiliwa, kwa tazeta ndilo linalotengeneza ua. Ukiliweka tunguu la tazeta kwenye friji kwa nia njema ya kulisaidia, unalirudisha nyuma. Nimewahi kufanya kosa hilo pia, na niliona aibu zaidi kuliko lile la kwanza, kwa sababu safari hii nilikuwa nimesoma nusu ya maelezo.

Majina ya dafodili zilizosajiliwa yanazidi 30,000, na hakuna mtu anayeweza kuyapitia yote. Kinachosaidia ni mgawanyo wa Jumuiya ya Kifalme ya Kilimo cha Bustani ya Uingereza, ambayo ndiyo inayotunza sajili ya kimataifa ya majina hayo. Imezigawa dafodili katika makundi 13 yanayofuata umbo la ua na damu ya wazazi. Kundi la 1 ni zile zenye tarumbeta ndefu, yaani kikombe kirefu cha katikati ya ua, la 2 na la 3 ni zenye kikombe kikubwa na kidogo, la 4 ni zenye maua ya petali nyingi zilizosongamana, la 7 ni jonkwili, la 8 ni tazeta, la 9 ni zile nyeupe zenye kijikombe chekundu zitokanazo na Narcissus poeticus, yaani poetikasi. Kwa mkulima wa penye joto, namba ya kundi hueleza zaidi ya aya nzima ya sifa, na kama ningelazimika kununua nikiwa nimefumba macho ningeomba 8 na 7, kisha ningefumbua macho kwa tahadhari nilipofika kundi la 2.

Namba nyingine ambayo maelezo ya wauzaji hupenda kuitaja ni ya ukanda wa ustahimilivu, ule mfumo wa Wizara ya Kilimo ya Marekani. Mimi siitegemei sana kwa dafodili. Mfumo huo unapima wastani wa usiku mmoja ulio baridi kuliko yote katika mwaka. Haupimi baridi inadumu wiki ngapi. Mahali ambapo joto hushuka hadi karibu na kuganda kwa siku tatu kisha hurudi nyuzi 20, na mahali ambapo hukaa kwenye nyuzi 8 kwa miezi mitatu, panaweza kupewa namba moja, ilhali dafodili yenye saa ya baridi itachanua mahali pa pili tu. Ni afadhali mtu aweke kipimajoto ndani ya udongo, kwa kina cha sentimita 15, na kukisoma asubuhi kwa asubuhi katika miezi yake ya baridi zaidi.

Sasa nije kwenye majina. Tazeta rahisi kuliko zote ni Narcissus papyraceus, maarufu kwa jina la 'Paperwhite', yenye kishada cha maua meupe mwanzo hadi mwisho. Aina iitwayo 'Ziva', iliyotokana na kazi ya watafiti wa Israeli, huwahi mno kuchanua. Harufu yake ndiyo hugawanya watu, kwa kuwa ina kemikali iitwayo indoli, na pua nyingine huipokea kama manukato na nyingine kama zizi. Mimi ni wa pua ya pili. Naipanda mwisho wa bustani, ambako upepo unaipunguza makali, na sijawahi kujuta kuwa nayo, kwa sababu huchanua hata katika mwaka ambao nyingine zote zimekataa.

Ninayoipenda zaidi ni 'Grand Primo', ya petali nyeupe na kikombe cha njano hafifu. Huko kusini mwa Marekani huonekana ikichanua kwenye viwanja ambavyo nyumba zake zilibomoka zamani na hakuna aliyebaki kuihudumia, na sidhani kama kuna cheti cha ubora kinachoushinda ushahidi huo. Hukaribia kuwa tasa, hivyo haipotezi nguvu zake katika mbegu, bali huongezeka kwa kuzaa matunguu madogo pembeni mwa lile la mama. 'Avalanche' inafanana nayo kwa mbali, lakini kishada chake kina maua madogo 15 au zaidi, na shina lake ni nene kiasi cha kuubeba mzigo huo. 'Grand Soleil d'Or', ya njano yenye kikombe cha rangi ya chungwa, ni nzuri kuliko zote kwa kutazama, lakini kwangu imekuwa na hiari yake: mwaka mmoja inachanua, mwaka mwingine inapumzika. 'Erlicheer' nayo inastahili sentensi yake, kwa kuwa ni miongoni mwa dafodili chache za petali zilizosongamana zinazofunguka bila matatizo penye joto, nadhani kwa sababu kila ua lake ni dogo na halihitaji muda mrefu wala maji mengi ili kukunjuka.

Hata hivyo kundi la 8 lina mtego wake. 'Geranium', yenye kikombe cha rangi ya chungwa na harufu tamu, imewekwa humo kwa haki, lakini ni chotara wa tazeta na poetikasi, na huyo mzazi wa pili ni mtu wa milimani anayependa baridi na kuchelewa. Mtoto wa nyoka ni nyoka, wanasema, ila mtoto huyu ana wazazi wawili. Mahali penye majira ya baridi ya wastani 'Geranium' ni hazina. Mahali pasipo na baridi huchanua kwa kusitasita, na mara nyingine joto huikuta ikiwa bado ina machipukizi ya maua yaliyofumba. Kwa hiyo nimezoea kuuliza wazazi wa aina ninayoitaka hata baada ya kujua kundi lake.

Jonkwili ni kundi ambalo nililidharau mwanzoni kwa sababu maua yake ni madogo. Majani yake ni membamba kama ya matete, na jina lenyewe linatokana na neno la Kilatini la mmea wa aina hiyo. Yana faida ambayo mtu huitambua msimu unapokwisha: yanakauka bila kufanya bustani ionekane kama zulia lililochakaa. Narcissus jonquilla ya asili na chotara wake wa kale aitwaye 'Campernelle', ambaye amelimwa kwa zaidi ya miaka 300, huvumilia udongo mzito wa mfinyanzi na joto la kiangazi kuliko karibu dafodili nyingine yoyote ya njano. Miongoni mwa aina za baadaye, 'Trevithian' na 'Sweetness' zimeniridhisha kabisa, na 'Quail' hutoa maua mengi kwa shina moja hivi kwamba mtu husahau kuwa kila moja ni dogo. Jonkwili zinahitaji baridi kiasi, hazina uhuru wa tazeta, lakini kiasi hicho ni kidogo, na mahali ambapo usiku wa miezi ya baridi hukaribia nyuzi 10 hutosheka.

Za vikombe vikubwa nazitaja kwa ufupi. 'Carlton', 'Fortune' na 'Ice Follies' ndizo zinazosifiwa na wakulima wengi wa nchi zenye baridi fupi, na mimi nimeona 'Ice Follies' ikirudi miaka minne mfululizo kabla haijaanza kupungua. Za tarumbeta sizipandi tena. 'King Alfred' ya mwaka 1899 ilibadilisha kabisa historia ya dafodili za njano, lakini matunguu yanayouzwa leo kwa jina hilo kwa kawaida si yake. Ni ya aina nyingine zinazofanana naye, kama vile 'Dutch Master', na muuzaji wa yale matunguu yangu ya kwanza aliliandika jina hilo kwa herufi kubwa bila kuona haya. Mtu anayeanza kwa kutojua jina halisi la alichopanda hawezi hata kujifunza kutokana na kushindwa kwake. Za poetikasi sizijaribu tena. Zenye vikombe vya rangi ya waridi huhitaji ubaridi ili rangi yenyewe itokee, na vile vyekundu huunguzwa kingo na jua la mchana, kwa hiyo anayezipanda penye joto hulipia rangi asiyoiona.

Kigezo kingine ni muda wa kuchanua, na hapa uamuzi wangu ni mkali: penye joto, panda za mapema. Dafodili inayochelewa huzidiwa mbio na joto, na ua lake hukauka na kuwa karatasi ya kahawia kabla ya kufunguka. Zile za petali zilizosongamana ndizo zinazoathirika zaidi, kwa kuwa zina kazi kubwa ya kufunua. Nimezitazama 'Tahiti' zangu zikivimba kwa wiki mbili, zikiwa na ahadi yote ya njano na wekundu, kisha zikaanza kukauka ncha siku ya kwanza ya upepo wa moto. Sikuzipanda tena.

Ule uozo nilioukuta msimu wa tatu una jina lake, ni uozo wa kitako, unaosababishwa na kuvu aitwaye Fusarium oxysporum. Huingilia kwenye kitako cha tunguu, pale mizizi inapoota, na hupanda juu ndani kwa ndani huku ganda la nje likionekana zima. Hustawi katika udongo wenye unyevu na joto la karibu nyuzi 28, yaani ule ule udongo wa bustani inayomwagiliwa wakati wa kiangazi. Aina hazifanani katika kuukabili: 'Golden Harvest' inajulikana kwa kuushindwa haraka, 'St Keverne' inajulikana kwa kuuhimili, na tazeta pamoja na jonkwili kwa jumla huuhimili vizuri. Mbolea yenye naitrojeni nyingi huuchochea, nami siku hizi natumia yenye potasiamu zaidi, kidogo, majani yanapochomoza.

Kwa sababu hiyohiyo, mahali pa kupanda ni sehemu ya uchaguzi wa aina. Matunguu yangu ya tazeta yako kwenye tuta lililoinuka, karibu na ukuta unaochomwa na jua, ambako sipitishi mpira wa maji kabisa baada ya majani kukauka. Jonkwili nimeziweka chini ya mti unaopukutisha majani, ili zipate jua wakati wa baridi na kivuli wakati wa joto. Nazika kwa kina cha mara tatu ya urefu wa tunguu, kwa kuwa chini zaidi kuna ubaridi zaidi. Majani siyakati wala siyafungi mafundo, hata yakichukiza macho, hadi yanapolala yenyewe. Wiki sita au nane hizo ndizo zinazolipia ua lijalo. Na mahali ambapo kiangazi ni cha mvua nyingi, sioni njia isipokuwa kufukua, kukausha kivulini na kuyatundika matunguu katika mifuko ya wavu penye hewa.

Anayezitaka kwa dhati zile zenye saa ya baridi anaweza kuiga baridi kwa friji, kwa wiki zilezile 12 hadi 16. Afanye hivyo akijua kwamba ni gharama ya kila mwaka, na ahakikishe hakuna matunda ndani ya friji hiyo, kwa kuwa matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini inayoua ua lililokwisha kuumbika ndani ya tunguu. Cha kustaajabisha ni kwamba gesi hiyohiyo, ikija mapema, ni msaada kwa tazeta. Katika visiwa vya Scilly nchini Uingereza, wakulima wa 'Grand Soleil d'Or' walikuwa wakichoma nyasi kavu juu ya mashamba yaliyolala, na baadaye wakawa wanavukiza moshi chini ya plastiki, kwa sababu waliona maua yanawahi; ethilini iliyomo ndani ya moshi ndiyo inayoliamsha tunguu lianze kuumba ua. Saa mbili, gesi moja, matokeo mawili yanayopingana.

Mahali ambapo usiku haupoi kabisa mwaka mzima, ningeacha kuota ndoto za tuta linalorudi kila mwaka. Ningenunua 'Paperwhite', ningezisimamisha kwenye bakuli la changarawe na maji yanayogusa vitako tu, zichanue baada ya wiki nne hadi sita, kisha ningezitupa bila huzuni. Ndani ya nyumba mashina hurefuka na kuanguka, na kwa hilo watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba kubadilisha maji na kuweka mchanganyiko wenye asilimia 4 hadi 6 ya pombe, mara mizizi inapokuwa imeota, hupunguza urefu kwa theluthi moja hadi nusu bila kuyadhuru maua. Ni pombe kali iliyozimuliwa ndiyo inayofaa, si bia wala mvinyo, kwa kuwa sukari iliyomo huyaharibu matunguu.

Mwaka huu jaribio langu ni Narcissus viridiflorus, dafodili ya pande mbili za mlangobahari wa Gibraltar, yenye maua ya kijani yanayonukia usiku na kuchanua kiangazi kinapokwisha, kabla ya jamaa zake wengi. Nina matunguu matatu kwenye chungu, na kufikia leo kila moja limetoa jani jembamba na hakuna ua. Safari hii sijafukua kitu, kwa sababu tunguu changa la aina hii hutoa jani, na mwaka likikomaa hutoa shina la ua bila jani lolote.